Chombo Kisichoshusha Abiria

Zamani zile, Jumamosi ukienda kupiga fotokopi pale Berea, hukukosa kumkuta dada mmoja msusi, Mrundi, mchoraji wa jarida la klabu ya wapenzi wa hadithi za sayansi. Simu yake haikupoa. Huku mkutano Westville, huku besdei, huku braai ya nyama choma, na kila aliyemwalika alitaka achorwe akielea angani.

Siku moja mwenye duka hilo la fotokopi, Mkongomani, aliinua jalada jipya la jarida kwenye mwanga. Lilikuwa na chombo cha anga, na kila dirisha lilikuwa na sura ya mwanaklabu.

"Dada, huyu si alienda Kanada? Na huyu aliolewa Cape Town. Mbona bado iko ndani?"

"Bado wako ndani."

"Na wapya watakaa wapi?"

"Naongeza madirisha, papa." Alikuwa akijisugua wino kidoleni. "Sisi tumeteremshwa sehemu nyingi. Humu hateremshwi mtu."

Mwenye duka akaguna, akawasha mashine. Kurasa zilipoanza kutoka, akauliza polepole, kama mtu anayeulizia bei, "Na mimi?"

Dada akagusa dirisha la mwisho. Ndani yake mlikuwa na mwanamume ameinua karatasi kwenye mwanga.

Klabu ilitawanyika, na dada naye alihamia Norwe. Jalada bado limebandikwa juu ya mashine. Wateja wapya hudhani ni kwaya, huuliza ni ya kanisa gani.

"Ni watu wangu," mwenye duka huwajibu. "Mimi ni yule wa nyuma."