Kikosi cha Babu Liang

Gundi ya kufungia maboksi ikichanwa, kraaa, mpaka leo hunishtua. Juzi niliisikia huku China, mtaani Xiaobei, mlangoni kwa wakala wa mizigo, nikaanza kuwaza kama nilizima jiko. Nilikuwa nimelizima, nikarudi kuhakikisha. Utotoni sauti ile ilimaanisha kwamba mama anafunga mizigo ya Unguja, na mimi itanibidi nipande ndege.

Mwaka mmoja niliikumbatia nguzo ya uwanja wa ndege, nikapiga mayowe hadi tukaachwa na ndege. Mwaka uliofuata bibi wa Unguja alikuwa mgonjwa, na katika kila simu aliniulizia.

"Ukinifanyia vile tena, wee mtoto, bibi yako hutomwona," mama alisema. Kisha akajuta, akanipapasa kichwa.

Nikashuka kwa Babu Liang, mwenye nyumba wetu, aliyezoea kunipa karanga za kuchemsha nikitoka shule. Wakati huo Kichina nilikijua kuliko Kiswahili. Ujanani mzee huyo alikuwa rubani wa jeshi la majini, na historia ya kikosi chao cha ndege ndiyo ilikuwa hadithi yake pekee. Alianzia kwenye ndege za zamani za pangaboi, zilizotua baharini na kunuka mafuta na samaki, akaja kwenye zile za kelele zilizomwachia sikio moja. Mimi nilipenda desturi yao: kabla ya kuruka walikaa duara, na kila mmoja alilazimika kuuliza, "Je, ikiwa?" Asiye na swali alibaki chini.

"Haya, mjukuu wangu, uliza."

"Je, injini ikizima?"

"Ipo ya pili."

"Na hiyo ikizima?"

"Ndege huteleza hewani, haidondoki kama jiwe. Ilinitokea. Nililowa viatu tu."

"Je, rubani akiharisha?"

Alicheka hadi karanga ikampalia. "Wapo wawili. Na hawali chakula kimoja!"

Mama alipokuja kunichukua aliona haya. "Samahani laoban," alisema, maana hivyo ndivyo wafanyabiashara wetu walivyomwita kila bosi, "huyu maswali hayamwishi."

"Mwache. Kikosini angekuwa mkuu wetu."

Hakuna aliyewahi kunisifia woga wangu. Niliogopa ndege ile, lakini nilipanda. Bibi nilimkuta kitandani, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, akanirekebisha Kiswahili changu. Hatukuonana tena.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kumpa pole binti wa Babu Liang kwa msiba wa baba yake. Ndiye aliyeniambia kwamba desturi ile ilianzishwa baada ya ndege moja kutorudi. Asubuhi hiyo kijana Liang alisikia injini ya rafiki yake ikikohoa, akaona aibu kuuliza mbele ya wakubwa.

Miaka yote ya karanga, sehemu hiyo hakunisimulia. Nami, niliyeuliza hata habari za tumbo la rubani, sikuwahi kuuliza desturi ilitoka wapi. Namshukuru kwa kunyamaza kwake. Ningejua, ningeikumbatia tena ile nguzo, na bibi nisingemwona.