Mzee Idris Mgongoni mwa Vijana wa Shubra

Shadi alikulia chini ya meza ya kukatia ya mama yake, akichezea vipande vya kitambaa cha kijivu. Mpaka leo ukimwonyesha kitu cha rangi ya kijivu anakunja uso kama mtu aliyepewa dawa. Mama yake, Mama Nagat, alishona sare za shule tangu kabla sisi hatujazaliwa, kwenye chumba cha chini cha nyumba yao hapa Shubra. Kuna vyerehani vitatu na ovaloki moja kuukuu ya kufunga kingo za nguo, inayonguruma mpaka vikombe vya jirani vinacheza. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu walisoma wakiwa wamevaa mashati yake.

Halafu wazazi wakaanza kununua sare zilizoshonwa tayari, zinazoshushwa kwa malori pale sokoni Attaba. Sio nzuri, ila zipo na mtu hasubiri. Kazi ikapungua. Wanawake wawili waliokuwa wakimsaidia wakaenda kwingine, na vyerehani viwili vikafunikwa shuka.

Hapo ndipo Shadi alipoleta wazimu wake. Ukutani juu ya meza kulikuwa na picha ya babu yake, Mzee Idris, baba yake Mama Nagat. Alitoka kijiji kimoja karibu na Aswan akaja Kairo kuwa bawabu wa jengo kubwa kule Zamalek, na Mama Nagat mwenyewe alizaliwa kwenye chumba cha chini ya ngazi za jengo hilo. Shadi akaitoa picha ile, akaipeleka kwa jamaa mmoja anayejua kuchora, akarudi nayo ikiwa mistari mitupu: kilemba, masharubu, macho ya mtu anayekuuliza unakwenda ghorofa ya ngapi. Akaichapa mgongoni mwa sweta zito jeusi la kofia, pana, la kumwagika mabegani kama vijana wanavyopenda sasa. Kifuani akaandika neno moja dogo tu: Bawabu.

Tulimcheka sana. Mimi nilimwambia, "Kaka, watu wanalipia wavae majina ya Paris, wewe unawauzia mlinzi wa mlango?"

"Kila mtu Kairo ana bawabu aliyemkimbiza akiwa mtoto," alisema. "Utaona."

Na kweli tuliona. Zizo wa buchani alinunua la kwanza kwa utani, akapiga picha ameegemea mlango wa jokofu la nyama, na baada ya hapo mimi na pikipiki yangu hatukukaa. Nilipeleka masweta Imbaba, Nasr City, mpaka kwa binti mmoja Maadi aliyesema anamnunulia bawabu wao halisi, avae akiwa kazini. Shadi alikuwa akienda Mahalla kuchagua kitambaa mwenyewe, anakivuta, anakisugua shavuni, anabishana na wenye viwanda. Mama yake alishona. Kila akipita sokoni na kumwona baba yake akitembea mbele yake mgongoni mwa kijana fulani, alikuwa anaongea naye kimoyomoyo, alisema mwenyewe.

Ila biashara ya mtaa mmoja mmoja hailishi nyumba. Mjomba wake Shadi, Midhat, kaka yake Mama Nagat, yuko Kuwait miaka mingi, kwenye ghala la duka kubwa la nguo za kigeni. Akamtafutia mpwa wake kazi hapo hapo. Visa ikatoka. Akawa anapiga simu kila baada ya chakula.

"Wewe mwana wa Nagat, watu wanauza gari wapate nafasi hii, wewe bado unafikiria?"

"Mjomba, nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi nafasi anapewa Mhindi au Msyria, na wewe utabaki hapo na matambara yako."

Mama Nagat hakusema nenda wala baki. Alikuwa anabana pini mdomoni ili asijibu. Ila kila mtu alijua akiondoka Shadi, shuka litawekwa juu ya cherehani cha tatu.

Ndipo akaja Misfir. Ni mtu wa Riyadh, ana maduka huko na moja Kuwait, na alikuwa Kairo kutafuta nguo za vijana zinazotengenezwa na Waarabu wenyewe. Aliona picha ya Zizo na jokofu lake akaandika ujumbe. Tulitegemea mtu wa kanzu nyeupe na udi, akaja jamaa wa jinzi na kapelo, anakula koshari amesimama kama sisi.

"Vijana wa kwetu wamechoka kuvaa majina ya miji ambayo hawajafika," alituambia. "Na Januari Riyadh baridi inauma. Lakini nimeona chapa nyingi nzuri kwenye simu ambazo ukifika mtaani kwao hakuna mtu anayezivaa. Mimi nataka kuona watu."

Shadi akasema, "Njoo Ijumaa usali na sisi. Utaona watu."

Wiki nzima akazunguka kuwaambia wateja wake wa mtaani: Ijumaa kila mwenye sweta la Bawabu alivae. Wote wakakubali. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja, na hapo ndipo kosa lilipolala.

Msikiti wetu ni mdogo, uko chini ya nyumba ya Sheikh Ashur, kwa hiyo Ijumaa mikeka inatandikwa uchochoroni mpaka mbele ya duka la maharage. Shadi ndiye anayetandika mikeka na kuvuta waya wa kipaza sauti. Tena mama yake hamruhusu kwenda Ijumaa bila kanzu. Akimaliza waya anakaa safu ya kwanza, ndani, na akitoka anakwenda moja kwa moja kukunja mikeka. Yanayofanyika safu za nyuma yeye hayajui kabisa.

Na safu za nyuma zilikuwa na utaratibu wao. Majuma kadhaa nyuma mzee mmoja alilalamika baada ya swala. "Nimesujudu mara zote nikiangaliwa na bawabu! Nilisahau hata nimesoma sura gani." Sheikh Ashur akasema ana haki, sura ya mtu haifai kuwekwa mbele ya anayesali. Basi vijana wakawa wakifika mlangoni wanavua sweta, wanaligeuza ndani nje, wanavaa tena. Jambo dogo. Sote tulifanya hivyo, na kila mmoja alidhani Shadi anajua.

Ijumaa hiyo Misfir akaja mapema, Shadi akamwekea mkeka safu ya nyuma kabisa, makusudi, ili uchochoro wote uwe mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa kando yake. Watu wakajipanga. Mbele ya mgeni wetu kukawa na migongo, mingi kweli, yote myeusi, yote imegeuzwa: manyoya ya ndani yamechomoza, nyuzi za ovaloki zinaning'inia kama tambi, mifuko imetoka nje kama masikio ya mbwa. Hakuna Mzee Idris hata mmoja.

Swala ilipokwisha Shadi akaja mbio, uso unang'aa. Akageuka kuangalia uchochoro.

"Nini hii?" alininong'oneza. "Wamenifanyia nini?"

Misfir alikuwa anavaa viatu. "Samahani, ndugu yangu," alimwambia Zizo, "hii ndiyo mitindo ya Shubra mwaka huu? Manyoya nje?"

"Hapana, Haji," Zizo akamjibu, anaanza kuligeuza lake. "Huyu mzee wetu hasali mgongoni mwa watu. Sheikh amemfukuza."

"Sikumfukuza!" Sheikh Ashur akapaza sauti kutoka mlangoni. "Nimesema tu ageuke!"

Uchochoro mzima ukacheka, na Misfir akacheka mpaka akashika ukuta. Shadi hakucheka. Watu wakaanza kugeuza masweta yao, mmoja mmoja, na Mzee Idris akatokea, mmoja hapa, wanne kule, mpaka uchochoro ukajaa mabawabu. Ilikuwa tamasha. Misfir akawaangalia wote, halafu akashika sweta la Zizo, akarudisha pindo, akatazama ndani.

"Watu mnao, nimewaona," alimwambia Shadi. "Ila sikiliza. Kwangu mteja ni kijana, anayetoa ruhusa ni mama yake. Nguo zenye sura kubwa zinarudishwa dukani kwangu kila siku kwa sababu hii hii. Na wale wanaobaki nazo wanazigeuza kama nyinyi. Sasa ukiligeuza hili, samahani, linafanana na kondoo aliyelowa. Mimi naondoka Jumapili. Kama unaweza kunitengenezea la kuvaliwa pande zote mbili, kesho nionyeshe. Kama huwezi, tubaki marafiki."

Tukarudi karakanani. Shadi akakaa juu ya marobota. Mama Nagat alikuwa ameona yote kutoka dirishani, na ana hasira zake.

"Kumbe baba yangu anafichwa kila Ijumaa kama mwizi," alisema. "Na wewe," akanielekezea mkasi, "ulijua!"

"Mama Shadi, nilidhani mnajua."

"Mtu aliyesali maisha yake yote! Asubuhi ya kazi, kabla wenye nyumba hawajaamka, ameshamaliza!"

"Mama, basi," Shadi akasema. "Hata tukisafisha nyuzi, ndani tutaweka nini? Ukiweka sura, tatizo ni lile lile. Ukiacha tupu, ni sweta jeusi kama la mtu yeyote. Bora nimpigie mjomba."

Mama Nagat akatoa pini mdomoni. Kwanza nilidhani anataka kumtukana.

"Unajua wenye nyumba walikuwa wanajuaje kama yuko msikitini?" aliuliza. "Wanaangalia benchi lake la mlangoni. Likiwa na yeye, yupo. Likiwa tupu na birika limeachwa juu yake, wanasema, ah, Idris kaenda kusali, tusubiri. Hakuna aliyemwibia hata birika."

Shadi akamwangalia. Mimi pia.

"Mchoree benchi," alisema mama yake. "Tupu. Na birika."

Basi. Hakuna aliyetoka tena alasiri ile. Shadi alichora mwenyewe, mara kadhaa, mpaka mguu wa benchi ukakaa sawa. Kuchapa upande wa pili kungeharibu upande wa kwanza, kwa hiyo Mama Nagat akakata masweta mawili membamba badala ya moja zito, moja ndani ya jingine. Benchi akalidarizi kwa uzi mweupe, mshono ule ule aliokuwa akiwekea nembo za shule mifukoni. Maungio yote yakafichwa katikati, hakuna uzi unaoonekana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kuambiwa nisiguse.

Jumamosi Misfir akaja, Zizo akavalishwa. Akageuka, Mzee Idris huyo, anakuuliza unakwenda ghorofa ya ngapi. Akalivua, akaligeuza, akavaa tena. Benchi. Birika. Hakuna mtu.

Misfir akasogea. "Mzee yuko wapi?"

"Kaenda kusali," Mama Nagat alisema. "Kaa hapo, anarudi."

Yule bwana hakucheka kama jana. Alitabasamu tu, akamgeuza Zizo begani kama mtu anayegeuza ukurasa, akasema, "Geuza tena." Zizo akageuza. "Tena." Zizo akasema, "Haji, mimi sio mkate wa kwenye tanuri," lakini akageuza.

"Nachukua," Misfir alisema. "Riyadh na Kuwait, kabla ya Ramadhani. Kuna jambo moja tu. Huko kwetu huyu mzee hawamjui. Tukimbadilisha, tukaweka ngamia, au mwewe…"

"Ukitaka ngamia nenda kwenye Piramidi," Mama Nagat akamkatiza. "Wako tele, na watakupiga picha."

Shadi akafunga macho. Mimi nikaanza kuhesabu hasara. Misfir akamwangalia Mama Nagat, akaangalia picha ukutani, halafu akainua mikono.

"Wallahi huyu mama ndiye bawabu," alisema. "Sawa. Mzee anabaki."

Walishikana mikono, wakaandikiana mkataba, na jioni hiyo hiyo Shadi akaenda kuwatafuta wale wanawake wawili walioondoka. Mmoja alikuwa ameshaolewa Tanta, wa pili akaja na dada yake. Mashuka yakatolewa juu ya vyerehani, vumbi likatufanya wote tupige chafya.

Jumatatu simu ya mjomba ikalia, baada ya chakula kama kawaida. Shadi akaiweka juu ya meza, sauti wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika kitambaa.

"Umeamua, punda wewe?"

"Nimeamua, mjomba. Siji."

Mjomba akaanza. Matusi ya Kairo yaliyokaa Kuwait muda mrefu yanakuwa na nguvu ya ajabu. Shadi akamwacha amalize.

"Mimi siji," alisema, "ila baba yako anakuja. Kabla ya Ramadhani. Nenda dukani kwa Misfir utamwona, amening'inizwa dirishani."

"Baba?" Midhat akauliza, sauti nyingine kabisa. "Mmemvalisha kilemba?"

"Na masharubu."

"Masharubu yake yalikuwa yanalala kushoto. Mmeyalaza kushoto?"

"Kulia, Midhat!" Mama Nagat akapiga kelele kutoka kwenye ovaloki. "Kulia! Wewe siku zote ulikuwa unamuona kwenye kioo cha lifti!"

"Nagat, mimi ndiye niliyekuwa ninamnyoa!"

"Ulimnyoa mara moja, ukamkata sikio!"

Shadi akawaachia simu, ndugu hao wawili, akavuta robota jipya karibu na meza na kuanza kukata.