Bata wa Hodhi la Bi Bakhita

Mwaka 1967 jirani yetu wa Sib, Omani, Bi Bakhita, alipokwenda kuhiji, aliniachia hodhi la shamba lake. Ndani mlikuwa na samaki wadogo kama kidole, aliowatoa mwenyewe wadini, kwenye vidimbwi vya bonde la mto, kwa chungu. Hao ndio waliokula viluwiluwi vya mbu, na sisi tukapata maji safi ya kunywa. Kisima chetu kilikuwa cha chumvi. Bila ya hodhi lile, mimi na mke wangu Mahbuba tungekunywa nini?

"Harub, nnakuachia hawa kama wanangu," alinambia.

Tulikuwa na miaka mitatu tangu tutoke Unguja, na mtaani bado nilikuwa mtu asiyejua kitu: sijui kukwea mtende, sijui kumswaga ng'ombe wa kuvuta maji kisimani. Nikajiona nimepewa cheo.

Mwezi wa pili akatua bata hodhini. Manyoya ya kisogoni yamesimama kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, mdomo mwembamba wenye meno ya msumeno. Sleyum, mwenye shamba la pili, akaokota jiwe.

"Huyu kamaliza samaki wa wadini," alisema. "Hata vyura hawasikiki tena."

Bata! Kitu kimoja ninachokijua duniani! Nikamshika mkono.

"Sheikh Sleyum, mimi nimefuga bata Unguja tangu mdogo. Bata hali samaki. Anakula pumba."

Akanitazama, akaliweka jiwe chini, akaenda zake. Nilivimba kichwa wiki nzima. Nikamwekea bata pumba na ukoko wa wali, hakugusa. Nikasema ana haya, mgeni njoo, mwenyeji apone. Akizama, namwambia Mahbuba, "Tazama anavyopenda kukoga."

"Mara mia kwa siku?"

"Labda ana taka nyingi."

Siku ya nane akaibuka na mkia wa samaki unampapatika mdomoni. Nilimwona vizuri, saa tatu ya asubuhi. Jiwe lilikuwa pale pale, miguuni pangu. Lakini Sleyum naye alikuwa shambani kwake, ananitazama, na mimi nishasema yangu. Nikapiga makofi mawili yasiyoweza kumtisha hata nzi. Bata akazama tena, nami nikaingia ndani kunywa kahawa.

Aliondoka mwenyewe joto lilipoanza, kanenepa. Maji yakajaa viluwiluwi. Mahbuba akawa anayachuja kwa kanga, hanisemeshi.

Bi Bakhita aliporudi, aliinama hodhini kabla hajaingia kwake. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi: jua kali, mwewe, kadari ya Mungu. Nikayaacha yote.

"Bata kawala, bibi. Siku ya nane nlimwona kwa macho yangu, nkanyamaza. Nliona haya mbele ya Sleyum."

Akanyanyuka hodhini. "Siku ya nane walikuwa wamebaki?"

"Wengi."

"Ungesema, mwanangu, tungepata wachache wa mbegu."

Maji hakutunyima. Afadhali angetunyima.