Safu Fupi ya Bi Mwanaisha

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu watu wa Bofu wameshaisimulia vya kutosha, na kila wakiirudia mimi nazidi kuwa mjinga.

Miaka ya tisini ilikuwa inakatika, nami nilikuwa mtu wa takwimu katika mradi mdogo wa kupima chumvi ya maji ya visima. Visima vitano, kila kimoja na mama wa kukipima mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili, na karani akaniletea namba zote kwenye disketi, kila kisima na safu yake. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha safu zile ziwe jedwali moja. Ningeweza kwanza kuiuliza kompyuta kila safu ina namba ngapi (dakika moja, haizidi), lakini nilikuwa na haraka ya kurudi Magongo kula, nikaandika amri moja tu, jedwali likatoka limenyooka na programu haikuguna.

Kulitazama, nikaona kwenye kisima cha Bi Mwanaisha wiki ya saba ni sawasawa na ya kwanza, ya nane na ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikajiambia, huyu mama amekaa barazani akanakili. Toka hapo kila chake nikakishuku, hata ile chai aliyonikaribisha siku ya kwanza (ukarimu wote ule, anaficha nini?).

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa, maana watu walikuja kusikia ni kisima kipi kitatiwa pampu.

"Cha Bi Mwanaisha hakimo," nikasema. "Namba zake ni za kubuni."

Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani wananikubali, nikaongeza: "Na mnaona, hata kuja leo hakuja."

Bi Zuhura, dadake, akasimama polepole na daftari mkononi.

"Mwanangu, dadangu anakaa eda. Mumewe tumemzika, huu mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo hajatoka nje, hicho kisima angekipimaje?"

Akalifungua daftari. Kurasa sita zimeandikwa, zilizobaki nyeupe. Nikaelewa palepale: programu ilikuta safu ya namba sita kati ya safu za kumi na mbili, ikairudia toka mwanzo kuziba pengo, na kwa kuwa sita inaingia mara mbili kamili haikuona la kuniambia. Mwongo alikuwa jedwali langu, na nimemvunjia heshima mjane mbele ya majirani zake.

Nilitaka kumwomba radhi uso kwa uso, nikaambiwa mwanamume wa kando haingii kwa mwenye eda. Nikasimama nje juani, Bi Zuhura akapeleka maneno yangu ndani na kurudi.

"Amekusamehe. Asema alipima mara sita, usimwongezee."

Wallahi, tangu siku hiyo siunganishi safu kabla sijazihesabu moja moja, na nikikuta pengo, nauliza kwanza nyumbani kwa mtu kumetokea nini.