Maneno Kumi na Tano ya Athanasie

Athanasie ana kichwa kigumu. Nalisema hili mimi Gauthier, niliyesoma naye saikolojia hapa Goma tangu mwaka wa kwanza. Alipofika masta alichagua kuchunguza kumbukumbu za watu waliokimbia vita. Unamsomea mtu maneno kumi na tano, unangoja dakika ishirini, kisha unamwomba ayarudie. Profesa Mulumeoderhwa alitaka karatasi za watu sitini ifikapo Jumatatu, la sivyo mwaka umepotea. Athanasie alikuwa ameshapoteza mmoja, na baba yake kule Butembo alishasema hatalipia mwingine.

Nikamsaidia kambini Kanyaruchinya. Wiki ile mizinga ilisikika upande wa Kibumba, na kila asubuhi hatukujua kama jioni barabara ya kurudi mjini itakuwa wazi. Siku ya kwanza watu walikumbuka maneno sita, saba. Mama Julie, aliyekimbia Kalengera na watoto wanne, alikumbuka matatu tu, akaangua kilio. Athanasie akaandika pembeni ya karatasi: uchungu wa vita. Wasomi sisi!

Siku ya tatu watu wakaanza kupata yote kumi na tano. Mimi nilishangilia. Athanasie alizikagua upya karatasi zote.

Ijumaa zilibaki karatasi mbili. Akaja Papa Hitimana, mkuu wa bloku ile ya mahema tuliyokuwa tukihoji. Alikaa, na kabla hatujamsomea chochote akaanza: "Ndoo, mbuzi, mulango, chumvi..." Akafika mwisho bila kuruka hata moja, kwa mpangilio wetu uleule.

"Papa, nani alikufundisha?" Athanasie aliuliza.

"Miye njo nafundishaka wengine," alijibu kwa fahari. "Kila mangaribi, bloku muzima. Mama Julie alisahau, sasa hatapata unga. Hatutaki mutu mwingine akatwe ku liste."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Kambini, anayekuja na kalamu na kukuuliza jina anaandika liste, orodha ya watu wa kupewa chakula. Tulikuwa tumewaeleza kwamba ni masomo tu, wakatikisa vichwa kwa adabu, nasi tukaridhika.

Mzinga ukalia, karibu kuliko jana. Nikamnong'oneza Athanasie: "Peleka hivi hivi. Nani atajua?" Kusema kweli, nilitaka tuondoke pale haraka.

Lakini Mama Julie alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, mtoto mgongoni.

"Dada, uniulize tena. Sasa nimeyashika yote." Akaanza, akakwama kwenye neno la kumi na moja, akarudi mwanzo, akakwama tena palepale.

"Mama, simama," Athanasie alimwambia. "Hii haikuwa liste ya unga. Hakuna mutu amekatwa."

Mama Julie hakusimama. Macho yake yalikuwa kwenye zile karatasi, na jina lake lilikuwamo. Athanasie akazitazama pia. Kisha akazichukua zote hamsini na nane, akazichana mbele ya watu, mara mbili, mara tatu, mpaka mikono ikamshinda. Machozi yalimtoka, na mimi pia.

Mama Julie akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akamwinulia macho.

"Sasa dada," aliuliza, "njo mumetukata wote?"