Ruhusa ya Kulala Hemani

Kwetu mtu hasafiri mpaka Mama amwombee. Ukienda Mbarara kununua vitenge vya kuuza, anakuombea. Ukienda Isingiro kwenye ofisi za wilaya, anakuombea na kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo dada yangu mkubwa, anayekaa Idaho huko milimani magharibi mwa Amerika, alipopanga na mumewe kuwatembeza watoto kwenye mbuga za taifa wakati wa likizo, ruhusa iliyomkosesha usingizi haikuwa ya bosi wake. Ilikuwa ya mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, asiyejua hata kuwasha simu.

Na mwanamke huyo alikataa katakata.

Simu ni yangu, kwa hiyo ugomvi wote ulipitia mkononi mwangu. Dada alikuwa anatuma picha: milima yenye theluji, ziwa, maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini, nyati wamesimama katikati ya lami kama wenye barabara. Mama alizitazama zote, akalisifu ziwa. Halafu akauliza watalala wapi. Dada angesema hoteli mambo yangeisha pale pale. Lakini yeye na ukweli wake, akasema watalala kwenye hema.

"Hema?" Mama alinigeukia mimi, utafikiri nimelishona mimi. "Hema ya nini? Nyumba yabo imeanguka?"

"Hapana, Mama. Kule bantu banalipa ili balale mu hema."

"Banalipa! Mungu wangu."

Sisi tulipofika hapa tulilala chini ya turubai muda mrefu, mpaka tukajenga nyumba ya udongo, na Mama husema siku tuliyoikunja ile turubai ndiyo siku aliyovuta pumzi. Sasa mkwe wake, mtu mzima mwenye gari, ameingia dukani akanunua hema kwa hiari yake. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka. Nilidhani tatizo ni hema.

Dada hakuacha kupiga. Shemeji alikuwa ameshaweka nafasi, maana huko ukichelewa unakuta pamejaa, na watoto walikuwa wameshagombania viti vya dirishani. Nikamwambia, "Yaya," maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "nendeni tu, Mama atajulia wapi?" Lo, alinikasirikia! Akasema hataingia msituni na watoto wake bila neno la Mama, na kama neno halipo watabaki nyumbani waangalie televisheni. Nilimwona mjinga, kusema kweli. Mtu amekaa Amerika miaka yote hiyo, anaendesha gari kwenye theluji, halafu anaogopa miti.

Jambo lenyewe nililijua Mbarara. Nilikuwa nimempeleka Mama kliniki ya macho. Wakamtia dawa ya kupanua mboni, wakatuambia tungoje nje kwenye benchi, na kwa muda huo aliona ukungu na mwanga tu. Kwetu ilikuwa alasiri, kule Idaho asubuhi, watoto wanakunywa chai. Dada akapiga kwa video.

"Sione kitu," Mama alimwambia. "Sema tu."

Labda ni kwa sababu alijua Mama hamwoni. Dada akasema jambo ambalo hakuwa amelisema na picha zake zote. Kule mbugani kuna dubu, na walinzi huwaambia wageni watembee wakipiga kelele, waongee, waimbe, ili dubu asikie watu wanakuja ajiondokee.

"Batoto bataweza, Mama," alisema. "Miye njo siwezi. Nilijaribu mu kamusitu ka karibu na kwetu. Sauti haitoke."

Hapo nikaacha kumcheka. Mimi msitu tuliopita tukikimbia vita siukumbuki. Nilikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa dada, naye alikuwa mtoto wa shule tu; Mama alibeba chakula. Inavyosimuliwa nyumbani ni kwa kifupi: wenye bunduki walikuwa karibu, Mama akamwambia dada anizibe mdomo kwa kitenge, na yeye mwenyewe asitoe hata kikohozi. Akafanya hivyo mpaka tukatoka upande wa pili. Baba hatukutoka naye. Ni hivyo tu, halafu mtu anainuka kuangalia maharagwe.

Mama alijipangusa macho. Daktari alikuwa amemkataza kuyagusa, nami sikumgombeza.

"Mpaka leo uko unanyamaza?" aliuliza.

"Si njo uliniambia, Mama."

"Nilikuambia." Akatafuta simu kwa mkono, akaisogeza mdomoni. "Na hakuna mwenye alikuambia: basi, imeisha. Imba."

"Sasa hivi? Batoto bako hapa."

"Basikie. Imba ya kanisa, yoyote."

Dada akaanza, sauti ya mtu anayelaza mtoto. "Sikusikie," Mama akasema. Akaongeza kidogo. "Sikusikie!" Sasa Mama ndiye aliyekuwa anapiga kelele, benchi zima limetugeukia. Askari wa getini, ambaye Kiswahili chake kilinukia kambi ya jeshi ya Makenke, akaja mbio.

"Mama, hapa iko wagonjwa. Punguza sauti kidogo."

Niliona aibu, nikataka kuichukua simu. Mama akaikumbatia, akageuza uso upande ambao askari hakuwepo. "Baba, univumilie kidogo. Mtoto wangu iko anaimba."

Askari akasimama. Sijui alielewa nini, lakini alisimama na fimbo yake, akasubiri kama sisi.

Ikatoka. Haikuwa nzuri, nisidanganye. Ilipasuka katikati, spika ya simu ikakwaruza, watoto wake wakacheka, kisha nikawasikia wameacha kucheka. Mama alikuwa anatikisa kichwa kufuata, midomo wazi. Nami nilikaa pale na mkoba wa Mama magotini, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikilia mbele za watu, kwa sababu aliyenibeba msitu mzima nilikuwa sijawahi hata siku moja kumsikia akipaza sauti.

"Njo hiyo," Mama alisema wimbo ulipokwisha. "Nendeni."