Mzimu Niliyempa Jina la Edina

Usinicheke bado. Nikimaliza, ukitaka kucheka, cheka. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Tunduma, miaka ya tisini, wakati kila mwenye televisheni na deki alijiona ana sinema.

Nilikuwa na kibanda cha video, mabati juu mpaka chini, mabenchi sita. Kazi yangu kutafsiri. Picha inakwenda, nimeshika kipaza sauti, nawapa watu maneno ya Kiswahili. Na mtafsiri anayejua kazi hawaachii wahusika majina yao ya kizungu, hata kidogo! Jambazi unampa jina la kwetu, polisi naye la kwetu, watu wanavunjika mbavu. Kiingereza chenyewe sikukijua kivile. Nilichojua ni kuchangamsha watu.

Siku moja nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikapata boksi la mikanda ya zamani ya kutisha, na vitabu chakavu vimechanganyika humo humo. "Buula fyonse, boyi," muuzaji akaniambia, yaani nibebe vyote. Mkanda mmoja ulikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe. Mwanamke aliyekufa anarudi nyumbani kwake, anaingia chumba cha watoto, anawainamia wamelala. Sasa huyu nimwite nani? Nikafungua kitabu kimoja cha hadithi kisicho na jalada. Ukurasa wa kwanza mtu ameandika jina lake kwa kalamu: Edina Namonje. Nikasema hilo hilo!

"Huyu ndiye Edina Namonje, mla watoto!" nikatangaza. Kibanda kizima kelele. Wiki haijaisha, watoto wa mtaani wanakimbizana wakiliita jina hilo. Mimi kichwa kikavimba. Kwamba jina lina mwenyewe, wala sikuwaza.

Jumamosi, onyesho la saa nane lilipokwisha, watu wakatoka, nikafunga komeo kwa ndani nirudishe mkanda nyuma. Kugeuka, kuna mama ameketi benchi la mwisho, kajitanda chitenge mabegani.

"Dada, picha imekwisha," nikamwambia.

"Kaka, yule mama hali watoto," akasema. "Blanketi limewadondoka, anawafunika. Hebu tazama tena."

Sauti ya upole kabisa, hana hasira.

"Mwanangu Sekela yuko kwa bibi yake, nyuma ya ghala la mahindi," akaendelea. "Wenzake wanamwita mtoto wa mla watu. Shule ameacha. Nisafishie jina langu, kaka. Mimi siwezi kumfikia."

Nikainama kuwasha deki. Kuinua macho, benchi tupu. Na komeo liko vile vile nilivyolifunga.

Nikautazama mkanda ule peke yangu, bila kipaza sauti. Kweli bwana. Anaokota blanketi sakafuni, anawafunika mmoja mmoja, anatoka. Hapo hapo ndipo kila siku nilipokuwa napiga makelele, kwa hiyo sikuwahi kuona. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni hiyo nikakibeba kile kitabu mpaka kwa yule bibi. Aliutazama mwandiko, akakaa chini pale pale mlangoni.

"Huyu mwanangu," akasema. "Nimemzika mwaka juzi. Vitabu vyake tuliviuza alipokuwa anaumwa."

Nikamweleza yote, sikuficha, na mjukuu wake akisikiliza pembeni. Kesho yake nikamwomba aje kibandani na mjukuu wake. Watu wamejaa, nikasimama mbele yao nikasema niliwadanganya, picha sikuielewa, na jina la mama wa watu nililitoa kitabuni nikalichafua. Wengine wakanizomea. Nikastahimili. Kisha nikaitafsiri upya, polepole, nikasema tu kile ninachokiona. Picha ilipofika pale pa blanketi, hakuna aliyecheka. Mama mmoja alikuwa anajifuta macho kwa kanga.

Jumatatu Sekela alirudi shule, na wale watoto wakaacha kumwita vile. Ungedhani yameisha, siyo? Lakini siku ile ya Jumapili, watu walipokuwa wanatoka, alinisogelea, katoto ka darasa la pili, kameshika kile kitabu cha mama yake kwa mikono miwili.

"Baba, kwako alikuja," akaniambia. "Mbona mimi haji kunifunika? Usiku nasikia baridi."

Nikamtazama bibi yake, naye akageuza uso.

Mwaka ule haukuisha nikafunga kibanda, nikaingia biashara ya mahindi. Mpaka leo, wakiweka picha ya kutisha mahali nilipo, natoka nje, na si kwa woga. Na wewe unayependa kuwasimulia watu mambo ya mizimu wakacheka, nakusihi: kabla hujampa mzimu wako jina, ulizia kwanza kama ameacha mtoto.